Kompyuta isiyonihitaji

Mtu akishajulikana mjini kwamba anaelewa kompyuta, swali humfuata kila anakokwenda: niweke mfumo gani? Huuliza mwanafunzi wa Kasapa (kampasi ya chuo kikuu chetu) aliyepata laptopu ya mtumba. Huuliza mama mwenye kibanda cha fotokopi kule Kenya (mtaa wetu wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, msije mkaenda Nairobi). Huuliza pia vijana ambao tayari wana jibu lao na wanataka tu kupima kama langu ni kali zaidi. Hao wa mwisho huwa nawavunja moyo. Nasema Debian, mmoja wa mifumo ya familia ya Linux, toleo lililotulia, na dawati (yaani menyu na madirisha unayoyaona) la Xfce. Basi. Hakuna cha kuwaonyesha marafiki.

Si kwamba sijatembea ndani ya familia hiyo ya Linux. Nilianza na Ubuntu enzi zile CD zilipokuwa zikitumwa bure kwa posta hadi kwako, nikakaa na Slackware, nikakaa na Arch muda wa kutosha kupenda nyaraka zake, ambazo hadi leo nazisoma hata ninapotengeneza mashine isiyo ya Arch. Nimeishi na Windows pia, kama kila mtu. Kote huko nilikuwa najiuliza mfumo huu unaniwezesha kufanya nini. Siku hizi najiuliza kama utaniacha nifanye kazi nyingine.

Ujuzi wa kompyuta una tabia moja ambayo wajuzi hatupendi kuizungumzia: unakufanya uvumilie kisichofaa. Asiyejua, mashine ikimsumbua mara tatu, analalamika, anaipeleka kwa fundi au anaibadilisha. Mjuzi yeye hutengeneza. Sauti ikipotea baada ya sasisho, anaandika mistari michache ya kuirudisha kila asubuhi. Waifai ikigoma mashine inapoamka, anaiwekea dawa yake. Kila dawa ni ndogo, kila moja inampa furaha kidogo, na baada ya mwaka kompyuta nzima inasimama juu ya viraka ambavyo yeye peke yake anajua vilipo. Ukimuuliza atakuambia mfumo wake haujawahi kumsumbua. Anasema kweli kabisa, kwa sababu kusumbuliwa kwake amekuita kazi.

Hilo halina ubaya kwa mtu anayekaa na kompyuta yake chumbani. Mimi nina biro, yaani ofisi. Tunachapa kazi za wanafunzi za kumaliza mwaka, tunapiga skani vitambulisho, tunatoa fotokopi, tunaandika barua za maombi kwa watu wanaotafuta kazi kwenye makampuni ya madini. Kaunta inashikwa na msichana anayejua kazi yake vizuri, anachapa haraka kuliko mimi, na hana haja yoyote ya kujua kilicho nyuma ya skrini. Nikiwa njiani kwenda Likasi au Kolwezi, simu ninayoiogopa ni hii: «Yaya, mashini iko naomba kitu.» (Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.) Inaomba nini? Haijulikani. Kuna dirisha, kuna maneno, kuna vitufe viwili, na wateja watatu wamesimama. Nachagua mfumo wa kompyuta nikiwa na simu hiyo kichwani. Ule unaoipunguza ndio mzuri.

Kuna jambo lililofanya swali hili liwe la haraka mwaka jana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na ambao ulikuwa umejaa kwenye kompyuta za mji huu. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, yaani za kuanzia mwaka 2017. Sasa tembea kwa wauzaji wa laptopu za mtumba, zile ThinkPad na EliteBook na Latitude zilizostaafu kwenye ofisi za Ulaya, zikafika kwetu kwa kontena au kwenye begi la ndugu aliyetoka Brussels. Nyingi bado ni nzima: kibodi imara, betri inabadilishika, kumbukumbu ya gigabaiti 8. Kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Kwa sheria za Windows 11 ni za kutupa. Kuna njia za kulazimisha, nazijua, vijana wanazitumia. Lakini mashine iliyolazimishwa ni kiraka kingine, na mwenye kukibeba ni mimi.

Kwa hiyo Linux. Hapo ndipo wengi huanza kubishana kuhusu rangi za madirisha, wakati mambo yanayoamua hapa kwetu ni mawili: kurant (umeme) na mega (intaneti ya kununua).

Lubumbashi ni mji wa shaba. Una maji ya mito ya Lualaba na Lufira yanayozungusha mitambo ya umeme ya Nzilo, Nseke, Koni na Mwadingusha, una laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, na bado neno delestaji (kukatiwa umeme kwa zamu) linajulikana na mtoto wa darasa la kwanza. Msimu wa mvua unaongeza radi. Kompyuta ya mezani isiyo na ondulere (betri ya akiba) itazimwa ghafla, hilo si la kujiuliza, la kujiuliza ni itakuwa katikati ya kuandika nini. Hapa mfumo wa faili, yaani namna faili zinavyopangwa kwenye diski, ni muhimu kuliko dawati. Ext4, ambao Debian huutumia usipoigusa mipangilio, una daftari: kama mwenye duka anayeandika kwanza «natoa mfuko wa unga rafu hii naupeleka ile» kabla ya kuubeba, ili akikatizwa ajue aliishia wapi. Kwa kawaida daftari hilo hukamilishwa kila baada ya sekunde 5. Kurant ikirudi, mashine inasoma daftari, inamalizia au inafuta kilichobaki nusu, inawaka. Mara nyingi hata hutambui. Kuna mifumo ya faili ya kisasa zaidi yenye nakala za hali ya nyuma na ukaguzi wa kila kipande, na ninaiheshimu. Ila nikiwa na diski ya zamani na msichana wa kaunta anayetaka kuwasha na kuchapa, nachukua ile iliyozimwa ghafla mamilioni ya mara duniani na ambayo vifaa vya kuitengeneza vimekomaa.

Daftari hilo, kumbuka, linalinda mpangilio wa diski, si kurasa za mteja ambazo hazijahifadhiwa. LibreOffice huhifadhi nakala ya dharura kila dakika 10. Dakika 10 za mpiga chapa hodari ni kurasa. Mpangilio huo naubana hadi dakika 2 kwenye kila mashine, na ndilo badiliko la kwanza ninalolifanya kabla hata ya kuweka picha ya ukutani. Na bado nasema: ukiweza, nunua laptopu. Betri yake ni ondulere uliyoilipia tayari.

Mega nazo. Huku kwetu intaneti watu wengi huinunua kwenye simu, kidogo kidogo, na kompyuta hunywa kutoka kwenye simu hiyo. Mfumo unaojipakulia vitu bila kuuliza unakula pesa ya mtu. Kwenye Ubuntu, programu za aina ya Snap hukagua masasisho mara 4 kwa siku na kujisasisha zenyewe. Unaweza kuzisimamisha kwa muda, ila hiyo ndiyo tabia yake ya kuzaliwa nayo. Flatpak, njia nyingine ya kuleta programu, ni nzuri, lakini programu ya kwanza huja na msingi wake wa mamia ya megabaiti, na ukiwa na programu zenye misingi tofauti unapakua misingi kadhaa. Arch na ndugu zake wanaosonga kila siku wana sharti lao: usasishe kila kitu kwa pamoja, na usikae muda mrefu bila kusasisha. Ni sharti la haki mahali penye waya wa intaneti usiokatika. Ukikaa miezi mitatu bila mega za kutosha, unakuta gigabaiti zinakusubiri pamoja na orodha ya mambo ya kusoma kabla ya kubonyeza. Kwa anayependa, ni starehe. Niliipenda.

Debian iliyotulia hufanya kinyume, na inafaa kueleza inavyofanya kwa sababu watu huiita ya kizamani bila kujua uzamani huo umetengenezwa vipi. Programu mpya huingia kwanza kwenye tawi lisilotulia. Ikikaa siku kadhaa bila kasoro kubwa kuripotiwa, huhamia tawi la majaribio. Takriban kila miaka 2 tawi hilo hugandishwa: hakuna kipya kinachoingia, miezi inapita watu wakiwinda kasoro tu, na kinachobaki ndicho hutolewa. Baada ya hapo matoleo ya programu hayabadiliki, ukiacha chache kama kivinjari. Tundu la usalama likigunduliwa, wanaotunza programu hiyo huchukua ule mshono tu wa kuziba tundu na kuushonea kwenye toleo la zamani, bila kukuletea vitufe vipya. Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025 ikiwa na Xfce 4.20. Miaka mitatu itapewa uangalizi kamili, kisha miwili ya uangalizi wa muda mrefu, na siku zote hizo Xfce itabaki ile ile 4.20. Msichana wa kaunta ataikuta menyu pale alipoiacha jana. Masasisho yake ni madogo, na kwenye biro yenye mashine kadhaa tunayapakua mara moja: kompyuta moja huendesha apt-cacher-ng, inahifadhi kila kifurushi cha programu kilichopita, nyingine zote zinachukua kwake kupitia mtandao wa ndani. Mega zinalipwa na mashine moja.

Kazi hii ya kushona viraka vya zamani, inayofanywa na watu wa kujitolea walioenea duniani tangu Ian Murdock alipoanzisha mradi mwaka 1993, ndiyo inayonifanya niuite mfumo huu wa watu wazima. Kuandika kitu kipya kunavutia. Kukaa na toleo ambalo waandishi wake wenyewe walishalipita, ukilitunza kwa ajili ya mtu usiyemjua wa Lubumbashi, kunahitaji moyo wa aina nyingine.

Kuna kitu kilichokuwa kikiniudhi zamani: diski ya kusimika haikuwa na programu za vifaa (firmware) zisizo huru, kwa hiyo ulihitaji intaneti ili kupata kile kitakachowasha waifai ili upate intaneti. Debian 12 ya Juni 2023 ilimaliza mchezo huo. Siku hizi programu hizo zimo ndani ya diski rasmi. Bila badiliko hilo nisingethubutu kumpendekezea mtu yeyote asiye fundi.

Xfce nitaisemea kidogo tu kwa sababu haina mengi. Olivier Fourdan aliianza mwaka 1996. Ina paneli, ina menyu, ina madirisha yanayokaa ulipoyaweka. Watu wengi mjini wamejifunzia Windows XP na 7, na wakikaa mbele yake mikono inajua pa kwenda. GNOME, dawati jingine, ni safi na imefikiriwa vizuri, ila inataka ubadilishe mazoea yako, na mazoea ya kaunta si yangu kuyabadilisha.

Kibodi je! Hapa wageni wa mambo yetu hushangaa. Mashine za mtumba zinazotoka Ubelgiji zina AZERTY (mpangilio wa herufi za kibodi) ya Kibelgiji, zile za Ufaransa zina AZERTY ya Kifaransa, na hazifanani. Alama ya @ kwenye ya Kibelgiji inapatikana kwa AltGr pamoja na kitufe cha 2. Kwenye ya Kifaransa ni AltGr na 0. Ukisimika mfumo ukachagua «Kifaransa» kwa mazoea, mteja anayekuja kufungua barua pepe atapiga kitufe chenye picha ya @ asipate @, na ukiwa umeweka nenosiri lenye alama unaweza kujifungia nje ya mashine yako mwenyewe. Chagua Kibelgiji kwenye usimikaji, mpangilio unaitwa «be», na jambo limekwisha kwa miaka mitano. Lugha ya menyu tunaiacha Kifaransa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na heshima yao ibaki, lakini mtoto wa Lubumbashi aliyesomeshwa kwa Kifaransa tangu shule ya msingi macho yake hutafuta «Enregistrer». Nyumbani tunaongea Kiswahili, mbele ya menyu tunasoma Kifaransa, wala hakuna anayeona ajabu.

Lililobaki kuwa gumu kweli ni hati za wengine. Mwanafunzi anakuja na flashi yenye kazi yake iliyoandikwa kwa Word, Times New Roman 12, na mwalimu amesema asiguse mpangilio. Fonti ya Liberation Serif ina upana wa herufi sawa sawa na Times New Roman, ilitengenezwa hivyo kwa makusudi, kwa hiyo mistari inakatika pale pale na yaliyomo hayaruki kurasa. Kwa Calibri kuna Carlito, kwa Cambria kuna Caladea. Sakinisha zote tatu kabla ya mteja wa kwanza. Zaidi ya hapo, majedwali yaliyobebana na picha zilizotiwa nanga ovyo yatakutesa tu, na njia ya amani ni kumwomba mteja alete pia PDF. Anayekuja na PDF anachapisha na kuondoka.

Printa nazo usinunue kwanza ukauliza baadaye. Zile za HP zina programu yake ya Linux, HPLIP, na nyingi za miaka ya karibuni huchapa bila programu yoyote ya ziada. Lakini kuna leza ndogo za bei nafuu zinazozungumza lugha yao wenyewe, na dawa zake kwa Linux ni za kale na zinakufa kila mfumo unapopanda. Nilipewa moja bure. Ipo kabatini.

Tahadhari moja kwa wenye mashine kongwe kabisa: Debian 13 imeacha kutoa usimikaji wa prosesa za biti 32. Ukiwa na netibuku ya aina hiyo, Debian 12 itakufikisha Juni 2028 kwa uangalizi wa muda mrefu, kisha mashine iagwe.

Si kila mtu anayeniuliza nampa Debian. Anayeishi mbali na fundi, au anayetaka kila kitu kibonyezwe, nampa Linux Mint: ina kisasishaji kinachoeleweka, ina Timeshift ya kurudisha mfumo ulivyokuwa jana, imeifungia Snap mlango tangu toleo la 20, na toleo la 22 lina uangalizi hadi 2029. Ni Ubuntu ya LTS (toleo la uangalizi mrefu) iliyofundishwa adabu. Tofauti kati yake na chaguo langu ni ndogo kuliko wabishi wanavyodai.

Na kuna ambao nawaambia wabaki Windows, hata kama lazima wanunue mashine mpya. Mji huu unakula kwa migodi. Mjiolojia anayefungua mifano ya Surpac (programu ya migodi), mchoraji anayetumwa faili za AutoCAD na kampuni, mhasibu ambaye mwajiri wake anafunga hesabu za OHADA (kanuni za pamoja za nchi kadhaa za Afrika) kwenye programu ya Sage: hao hawana cha kuchagua, programu imeshawachagulia mfumo. Wiki iliyopita kijana mmoja wa madini alinishikilia: «Yaya, kwa nini Linux mbaya kwangu, nzuri kwako?» Nikamwambia haina ubaya, QGIS ataipata humo bure na itamfaa kwa ramani. Lakini kumwekea Surpac kwa hila kwenye mashine ya Linux ili tu tuseme tumeweza, kisha atume ripoti yenye kosa kwa bosi, hapo nitakuwa nimemchagulia mfumo unaonihitaji mimi kila siku. Aliondoka na Windows yake, akiwa na diski ya pili ya kujaribia.

Kwetu kwenye biro, kupanda kutoka 12 kwenda 13 tunakufanya mashine moja moja, kiangazi, miezi ya Juni na Julai wanafunzi wakiwa hawajajaa na radi hazipo. Kwanza nakala ya faili zote kwenye diski ya nje, kisha ile kompyuta ya nyuma isiyo na wateja, inaachwa ifanye kazi wiki nzima, ndipo ya kaunta. Debian hairuhusu kuruka toleo, kwa hiyo aliyebaki 11 apite 12 kwanza. Mega za zoezi zima zinanunuliwa usiku, bei ikiwa chini.